Kompyuta Ikigoma Kuwaka: Taarifa Ziokolewe Kwanza, Kisha Msaada Uombwe kwa Maelezo Yanayoeleweka

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Ijumaa, Julai 19, 2024, kompyuta katika viwanja vya ndege, benki na hospitali za mataifa mbalimbali zilizimika ghafla, na kila zilipowaka tena ziliishia kwenye skrini ya buluu. Chanzo hakikuwa virusi wala shambulio la wahalifu wa mtandaoni. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa mifumo ya CrowdStrike ya nchini Marekani ilikuwa imesambaza faili la masasisho lenye kasoro. Usambazaji ulisitishwa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea faili hilo zilishindwa kufunguka. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 zenye mfumo endeshi wa Windows ziliathirika.

Pamoja na taharuki iliyotokea, nyaraka zilizokuwa ndani ya kompyuta hizo hazikufutwa na kasoro hiyo. Tiba yake ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, kufuta faili moja lenye hitilafu na kuiwasha upya. Kilichochelewesha kazi ni kwamba mashine nyingi zililazimika kufikiwa moja baada ya nyingine na mtu mwenye kujua la kufanya, na zile ambazo diski zake zimefungwa kwa usimbaji zilihitaji ufunguo wa tarakimu 48 ambao haukuwa karibu na mtumiaji.

Tukio hilo lina somo kwa kila mwananchi anayetunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Mashine isiyowaka si lazima iwe imepoteza kilichomo. Mara nyingi hasara kubwa husababishwa na hatua za pupa zinazochukuliwa baada ya hitilafu, au na ombi la msaada lisilotoa maelezo ya kumwezesha mtaalamu kusaidia.

Chukulia mfano wa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30. Hisa, mikopo na marejesho ya mwaka mzima vimeandikwa katika kompyuta moja ya mezani, na hakuna nakala nyingine. Wiki moja kabla ya mgao wa Desemba, umeme unakatika wakati kompyuta ikijisasisha. Unaporejea, mashine inaonesha nembo ya Windows, inajizima na kuanza upya, tena na tena. Jirani anashauri ipelekwe kwa fundi akaweke Windows mpya, kazi isiyozidi saa chache. Kompyuta itawaka, lakini huenda leja ya kikundi ikawa imefutwa, na wanachama 30 watakutana kugawana fedha ambazo hakuna anayeweza kuthibitisha ni za nani.

Safari ya kuwaka kwa kompyuta

Ili kujua tatizo liko wapi, ni vyema mtumiaji afahamu kinachotokea tangu kitufe cha kuwashia kinapobonyezwa. Kwanza, umeme hufika kwenye ubao mkuu. Pili, programu ndogo iliyomo kwenye ubao huo hukagua viungo muhimu, ikiwamo kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Tatu, programu hiyo hutafuta diski yenye mfumo endeshi. Nne, mfumo endeshi hupakiwa kutoka kwenye diski pamoja na programu zinazoongoza vifaa. Mwisho, mtumiaji huombwa nywila yake.

Mahali safari inapokatikia huonesha mahali pa kutafutia kosa. Kompyuta isiyotoa mwanga wala sauti ya feni ina tatizo la umeme. Inayotoa milio ya kujirudia huku skrini ikiwa nyeusi huenda ina hitilafu katika RAM au kadi ya picha, na mpangilio wa milio hiyo huwa na maana inayoelezwa katika mwongozo wa mtengenezaji. Inayoandika kwa Kiingereza “No bootable device” imepita ukaguzi wa mwanzo lakini haikuona diski ya kuanzia. Ile inayofika kwenye nembo ya Windows kisha ikarudi mwanzo imeiona diski, na kwa kawaida kosa liko katika mfumo endeshi wenyewe. Kompyuta ya katibu iko katika kundi hili la mwisho, na hiyo ni dalili njema kwa leja yake.

Hatua za awali

Kabla ya kufungua mashine au kuita fundi, zipo hatua zisizo na gharama wala hatari kwa taarifa. Mtumiaji ajaribu soketi nyingine na waya mwingine wa umeme. Achomoe flashi, printa, diski za nje na vifaa vyote visivyohitajika, kwa kuwa kompyuta huweza kujaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahaulika na kukwama hapo. Kwa kompyuta mpakato, chaja ichomolewe, kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa takriban sekunde 30, kisha chaja irudishwe na mashine iwashwe. Skrini ikiendelea kuwa nyeusi huku feni ikisikika, iunganishwe skrini nyingine, kwa sababu inawezekana kompyuta inafanya kazi na kilichoharibika ni kioo pekee.

Ujumbe wowote unaotokea uandikwe kwenye karatasi kama ulivyo, herufi kwa herufi, au upigwe picha mara moja. Ujumbe huo ndio ushahidi wa kwanza, na baada ya majaribio kadhaa huenda usionekane tena.

Jambo moja halivumilii kusubiri. Diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka ikianza kutoa sauti ya kugonga au kukwaruza, kompyuta izimwe papo hapo na isiwashwe tena kwa majaribio. Sauti hiyo ni dalili ya kuharibika kwa viungo vya ndani, na kila dakika ya kuzunguka inaweza kuongeza uharibifu. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data, na iwapo taarifa ni za thamani, mtumiaji asikubali diski ifunguliwe katika mazingira ya vumbi.

Kuokoa taarifa kabla ya ukarabati

Kanuni inayotangulia nyingine zote ni kwamba taarifa hunakiliwa kwanza, kisha mashine hurekebishwa. Zana za kukarabati diski huandika juu ya diski ileile yenye tatizo, hivyo zikikosea au diski ikizidiwa, kilichokuwa kinaweza kuokolewa hupotea.

Njia ya kwanza ni kuiwasha kompyuta kwa kutumia mfumo mwingine ulio kwenye flashi. Mfumo wa Ubuntu, ambao ni miongoni mwa mifumo ya Linux inayotolewa bure, unaweza kuandaliwa kwenye flashi ya GB 16 kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo nzima. Ikumbukwe kuwa maandalizi hayo hufuta kila kilichokuwa ndani ya flashi hiyo. Flashi ikishachomekwa kwenye kompyuta yenye tatizo, mtumiaji huchagua kuanzia hapo. Kitufe cha kufungulia orodha ya uchaguzi hutofautiana kulingana na mtengenezaji. F12, F9 na Esc ni miongoni mwa vinavyotumika. Mfumo unapouliza kama mtumiaji anataka kuujaribu au kuusakinisha, achague kujaribu. Kusakinisha kunaweza kufuta diski. Baada ya hapo, diski ya kompyuta hufunguliwa kama folda, na mafaili hunakiliwa kwenda diski ya nje.

Njia ya pili ni kuichomoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa kifaa cha USB. Kazi hiyo huchukua dakika chache kwa fundi mwaminifu, na ni vyema mwenye mali awepo ikifanyika.

Njia zote mbili zina kizuizi kimoja ambacho huwashtua wengi. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa usimbaji wa BitLocker, na bila ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48 kilichomo hakisomeki hata na fundi hodari. Kwa kompyuta binafsi, ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji, na unaweza kutazamwa kwa simu. Kwa kompyuta ya taasisi, ufunguo huulizwa katika kitengo cha TEHAMA.

Kurekebisha mfumo

Taarifa zikishakuwa salama, ukarabati hufanywa kwa utulivu. Windows ikishindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe mazingira ya urejeshaji, yaani skrini yenye chaguo za matengenezo. Hapo mtumiaji aanze na hatua nyepesi: kuruhusu mfumo ujirekebishe wenyewe, kuondoa masasisho ya mwisho, au kuurudisha mfumo katika hali ya tarehe ya nyuma iliyohifadhiwa. Hatua hizi hazikusudiwi kugusa nyaraka.

Hali salama, ambayo kwenye skrini huandikwa “Safe Mode”, huiwasha kompyuta kwa programu chache za lazima tu. Mashine ikifunguka katika hali hiyo, ni ishara kwamba kinachoizuia ni programu au kiongozi cha kifaa kilichoongezwa karibuni, na kinaweza kuondolewa.

Hatua nzito zaidi ni kuiweka Windows upya. Mfumo hutoa chaguo mbili: kubakiza mafaili ya mtumiaji, ambapo programu alizosakinisha huondolewa, au kufuta kila kitu. Chaguo la pili lisiguswe na mtu ambaye hajafungua nakala zake kwenye kompyuta nyingine na kuthibitisha kuwa zinasomeka.

Ombi la msaada linaloeleweka

Si kila mtumiaji ataweza kukamilisha hatua hizo peke yake, na hakuna aibu kuuliza. Mtandaoni wapo wataalamu na watumiaji wazoefu wanaojitolea kujibu maswali bila malipo. Hata hivyo, wanaojibu hawaioni kompyuta, hawaisikii, na hawajui historia yake. Wanachokiona ni maneno tu. Ombi linaloandikwa “Wakuu, kompyuta yangu imegoma, naomba msaada haraka!!!” linamlazimu msomaji aulize maswali kumi kabla ya kutoa jibu moja, na wengi hupita bila kujibu.

Mwaka 1999, Simon Tatham, mtunzi wa programu ya PuTTY kutoka Uingereza, aliandika makala kuhusu namna ya kuripoti hitilafu za programu. Miongoni mwa mambo aliyoyasisitiza ni kutenganisha kilichotokea na kile ambacho mtumiaji anakidhania. Kusema “diski imekufa” ni dhana. Kusema “skrini iliandika maneno haya, na diski haionekani kwenye orodha ya mwanzo” ni taarifa ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi.

Ombi zuri hubeba mambo sita: aina ya mashine na mfumo wake, kilichobadilika kabla ya tatizo, kinachoonekana sasa, kwa maneno yaleyale ya skrini, hatua zilizojaribiwa na matokeo ya kila moja, thamani ya taarifa zilizomo, na swali moja lililo wazi. Katibu wa kikundi angeweza kuandika hivi:

“Kompyuta ya mezani yarudia kujizima kwenye nembo ya Windows 10 baada ya umeme kukatika

Habari za kazi. Naomba mwongozo wa kunakili mafaili kabla ya kufanya ukarabati wowote.

Mashine: kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500.

Kilichotokea: Jumanne jioni umeme ulikatika wakati Windows ikijisasisha. Kabla ya hapo haikuwa na tatizo.

Kinachoonekana: nembo hutokea kwa takriban sekunde 20, kisha skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, halafu inaanza upya. Diski haitoi sauti ya ajabu.

Nilichojaribu: kwanza, nimechomoa flashi na printa, hali haikubadilika. Pili, nimeingia kwenye mipangilio ya mwanzo, diski inaonekana kwa jina lake. Tatu, nimeruhusu Windows ijirekebishe mara moja, ikaandika kuwa imeshindwa.

Taarifa zilizomo: leja ya mwaka mzima ambayo haina nakala. Siwezi kukubali hatua yoyote inayofuta diski.

Swali: je, ni salama kuiwasha kwa flashi ya Ubuntu ili ninakili folda moja, na kuna tahadhari gani?”

Ombi hilo husomwa kwa dakika moja. Msomaji mzoefu anaona mara moja kuwa diski inatambuliwa, kwamba kosa lilianza wakati wa masasisho, na kwamba mwombaji hataki kufuta kitu. Anaweza kujibu swali lililoulizwa badala ya kubahatisha.

Umbo la maandishi nalo lina uzito wake. Aya fupi zilizoachana kwa mstari husomeka kwenye simu kuliko fungu moja refu. Maneno yaandikwe kwa ukamilifu, kwa kuwa ufupisho wa jumbe za simu humchosha msomaji na hupotosha majina ya kitaalamu. Herufi kubwa zitumike pale tu skrini ilipozitumia. Ujumbe wa hitilafu uchapwe hata kama picha imeambatishwa, kwani picha haitafutiki kwa maneno na huenda isifunguke kwa mwenye intaneti hafifu. Picha yenyewe ipigwe kwa kutazama skrini moja kwa moja, bila mng’ao wa taa.

Muulizaji pia ana wajibu baada ya kupata jibu. Afanye hatua moja kwa wakati, aeleze matokeo yake, na tatizo likiisha arudi kuandika ni hatua ipi iliyoliondoa. Mwenye tatizo kama hilo mwakani atakuta jibu lililokamilika.

Tahadhari ya taarifa binafsi

Uwazi wa maelezo una mipaka. Ombi la hadharani halipaswi kubeba nywila, ufunguo wa urejeshaji, namba ya simu, namba ya Kitambulisho cha Taifa wala picha ya nyaraka zenye majina ya watu. Leja ya kikundi ina majina na fedha za wanachama ambao hawakuombwa ridhaa ya kuoneshwa kwa umma. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda dhidi ya kupotea, kuharibiwa na kufikiwa na wasiohusika.

Mwananchi ajihadhari pia na mtu anayejitokeza faraghani akidai kuwa mtaalamu, kisha akaomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, malipo ya awali, au ruhusa ya kuiendesha kompyuta akiwa mbali. Msaada wa kweli hutolewa mbele ya wengine, ambapo ushauri mbaya husahihishwa haraka.

Kwa mtumishi wa umma, kompyuta ya ofisi na taarifa zake ni mali ya Serikali. Ikigoma kuwaka, hatua sahihi ni kutoa taarifa katika kitengo cha TEHAMA cha taasisi husika, si kuipeleka kwa fundi wa mtaani wala kuweka picha zake katika makundi ya mitandao ya kijamii. Muundo wa ombi ulioelezwa hapa unafaa hata kwa taarifa hiyo ya ndani.

Kinga kabla ya tatizo

Wataalamu hupendekeza kuwa na nakala tatu za taarifa muhimu, zikiwa katika aina mbili tofauti za hifadhi, na moja kati ya hizo ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa kikundi cha akiba, hiyo inaweza kumaanisha faili lililo kwenye kompyuta, nakala kwenye flashi inayotunzwa na mweka hazina nyumbani kwake, na nyingine katika hifadhi ya mtandaoni yenye nywila imara. Nakala isiyofunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara haipaswi kutegemewa.

Ufunguo wa urejeshaji uandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na kompyuta. Kompyuta za mezani ziunganishwe na kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dharura ili mtumiaji apate dakika za kuzima kwa utaratibu. Wanaotumia Windows 10 wakumbuke kuwa Microsoft ilihitimisha huduma za kawaida kwa mfumo huo Oktoba 14, 2025, hivyo wanapaswa kupanga namna ya kuhamia mfumo unaoendelea kupata masasisho ya usalama.

Katibu aliyefuata utaratibu huu ana nafasi nzuri ya kuinakili leja kabla fundi hajaigusa mashine. Hata kama kompyuta hiyo itahitaji diski mpya, gharama yake itajulikana na itajadiliwa kikaoni. Siku ya mgao, kila mwanachama ataitwa kwa jina lake na kusomewa hisa zake, na hilo ndilo kikundi kilichomkabidhi katibu alitunze.